Kitabu Nilichomsomea Fundi Sadala

Mwezi uliopita tulimzika Zaina binti Sadala, na siku zote tatu za msiba nilikaa barazani kwao Mbugangari. Miguu yangu haina tena kazi nyingine, na mwenye nyumba huniwekea kiti penye jua. Siku ya tatu vijana walikuwa wamechoka kuzungumza juu ya mpira. Mmoja wao, mjukuu wa Zaina anayesoma chuo, akawauliza wenzake wanasoma maisha ya nani siku hizi. Wa kwanza alisema anasoma kitabu cha mwanamke mmoja mkimbiaji aliyejiandika mwenyewe. Wa pili alikuwa na kitabu cha tajiri aliyeanza kwa kuuza sabuni. Wa tatu aliinua simu yake akasema yeye hasomi, humsikiliza daktari mmoja akijisimulia mwenyewe, sura moja kila asubuhi akipiga mswaki. Walimcheka. Kisha yule mjukuu akanigeukia kwa adabu: "Na wewe, babu, unasoma maisha ya nani?" Nikamjibu kwamba macho yangu hayaoni vizuri. Ni kweli hayaoni, lakini hiyo siyo sababu. Tangu mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa sijamaliza hata kitabu kimoja cha maisha ya mtu. Nikifika mahali ambapo mambo yanaanza kunyooka, namwona aliyeandika ameinama juu ya karatasi, anatafuta kitu cha kuwafurahisha watu, nafunga kitabu. Zaina nilikuwa nikikutana naye miaka yote hiyo, sokoni, kwenye harusi, na kila mara nilijiuliza kama anakumbuka. Alikuwa na miaka kumi wakati ule. Sikuwahi kumwuliza, naye amekwenda.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimerudi Gisenyi na miaka minne ya sekondari ya mapadri, nikapata ukarani katika ghala la kahawa karibu na ziwa. Kwa watu wa mtaa wetu miaka minne ilikuwa elimu nyingi mno. Waliniita Profesa, nami niliitika haraka kuliko nilivyoitika jina langu la ubatizo, Anastazi. Jumapili baada ya misa na chakula cha mchana nilikwenda kwa Fundi Sadala, mshonaji. Nakijua chumba chake cha mbele kuliko ninavyokijua hiki ninachoandikia. Kuta zilikuwa za mawe meusi yaliyopakwa chokaa. Palikuwa na cherehani mbili, moja ya kufanyia kazi na moja iliyovunjika ambayo hakutaka kuitupa, na pasi ya mkaa juu ya bati. Pazia la kitenge lilikata chumba vipande viwili: mbele watu walikaa kwenye mabenchi, nyuma walijaribia nguo, na huko nyuma palikuwa na mlango wa kuingilia uani. Kulinuka nguo mbichi iliyopigwa pasi, na tangawizi, kwa sababu mke wake, Mama Zaina, alikuwa akileta chai kabla hujaomba.

Pale hatukuulizana habari za nyumbani. Mtu akiingia aliulizwa: "Unasoma maisha ya nani?" Vitabu havikuwa vingi. Kulikuwa na maisha ya Mtume, vijitabu vya misheni vya watakatifu, maisha ya mfalme mmoja wa zamani, na kijitabu cha askari mstaafu wa Tanganyika aliyejiandika mwenyewe na kujisifu sana. Kila kitabu Fundi alikivisha jalada la kipande cha nguo kilichobaki, tukawa tunasema "kile cha kaki", "kile cha maua mekundu". Aliyemaliza kusoma aliketi kwenye kigoda karibu na cherehani akatusimulia. Alipofika mwisho, Fundi aliinua mkasi na kuuliza: "Tumkatie nini?" Maana kazi yetu ilikuwa hiyo, kumkatia nguo mtu yule tuliyesimuliwa, inayomstahili kwa alivyoishi. Tukishakubaliana, Fundi aliandika ukutani kwa chaki ya kushonea: jina, na chini yake nguo. Nakumbuka Petero, muuza samaki wa Rubona, alipotusimulia mtakatifu aliyekaa pangoni peke yake miaka arobaini. Bakari, dereva wa lori, akasema, "Mwaka makumi ine bila muke? Mumukatie blanketi, angalau alale."

"We Bakari, huyo ni mutakatifu," Petero alisema, amekasirika kweli.

"Bon, na mi nasema alale muzuri. Nimetukana?"

Mtakatifu alikatiwa koti la baridi. Mfalme, aliyewanyang'anya watu ng'ombe, alipata shati lisilo na vifungo. Nguo ya mwisho, iliyokuwa mbaya kuliko zote, ni gunia, na hadi wakati ninaousimulia ilikuwa imeandikwa mara moja tu, kwa mfanyabiashara aliyemuuza shemeji yake.

Mimi nilileta kitabu cha Kifaransa. Padri mmoja aliyekuwa akihama alinipa. Kilikuwa kinene, maisha ya msafiri wa Kizungu aliyepita nchi nyingi akipima mito. Hakuna mwingine pale aliyesoma Kifaransa, kwa hiyo ilikubaliwa nisimulie kidogo kidogo kila Jumapili. Jumapili tatu nilisimulia kwa uaminifu. Niliwapa upana wa mito, idadi ya mizigo, majina ya mabwana aliowashukuru. Jumapili ya tatu Petero alilala, kichwa kikaegemea ukuta, akapata chaki sikioni. Bakari akasema, "Profesa, huyu muzungu yako anapima maji tu? Hana mama? Hana kitu hata moja ya kumupatisha haya?" Wakacheka wote, hata Fundi, ambaye hakuwa mtu wa kucheka. Nami nilijua kitu wasichokijua: nusu ya kila ukurasa nilikuwa naruka kwa sababu sikuielewa. Ningeweza kusema kwamba kitabu kimenishinda. Wangenitania wiki moja na yakaisha. Lakini Profesa anashindwaje na kitabu?

Katikati ya wiki nilikwenda kujaribu suruali. Mvua ilikuwa inapiga bati hata mtu hakusikia mlango ukifunguliwa. Fundi alinipa suruali nikaingia nyuma ya pazia, na nadhani mvua ilipopungua alikuwa ameshanisahau. Mama Zaina aliingia na uji. Jirani yao alikuwa anaandaa hitima ya baba yake, ile dua ya kumsomea marehemu, na Mama Zaina akasema, "Na Rajabu? Kila mwaka nakuuliza."

"Nimsomee hitima mtu ambaye sijui kama amekufa?" Fundi alisema. Alikuwa amekulia mikononi mwa wafanyabiashara na kukaa Tabora, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. "Na nikimwombea kama mzima, kama yumo kaburini miaka arobaini hii? Nimekaa katikati, Mama Zaina. Siwezi huku, siwezi kule."

"Ulikuwa mutoto. Wote mulikuwa watoto."

"Nilikuwa na akili zangu. Nilimlaza chini ya banda, nikamwambia narudi na maji."

Nilisimama na suruali magotini nikasikiliza yote. Katika vile vita vya kwanza vya dunia, Wabelgiji walipowafuata Wajerumani kuelekea Tabora, Sadala na mdogo wake Rajabu walichukuliwa kubeba mizigo. Mbele ya Biharamulo, Rajabu alianza kuhara damu. Askari alisema atakayebaki nyuma atapigwa viboko. Sadala alimlaza mdogo wake kwenye banda la mahindi, akachukua mzigo, akaenda. Vita vilipokwisha alikaa Tabora miaka mitatu akijifunza kushona. Mkewe alimuuliza kwa nini hakurudi kipindi hicho, wakati askari walikuwa wameondoka. Mvua ilikuwa imekoma kabisa, nikalisikia jibu neno kwa neno: "Sikuogopa askari. Niliogopa kumkuta."

Nilitoka kwa mlango wa uani, nikazunguka mbele kama niliyekuwa nje muda wote, nikamwambia Fundi suruali imenikaa vizuri.

Miaka mingi nimejitetea kwamba sikupanga. Si kweli. Nilipanga tangu Alhamisi. Jumapili nilikifungua kitabu cha mito, nikakazia macho ukurasa, nikaanza: msafiri wetu alikuwa na mdogo wake, jina lake Filipo, ambaye hakumtaja mwanzoni kwa sababu ya aibu. Niliweka homa badala ya kuhara. Badala ya banda la mahindi niliweka kibanda cha wavuvi kando ya mto. Maji niliyaacha kama yalivyo. Petero alikuwa ameegemea mbele, mikono kati ya magoti. Nilipofika pale msafiri anapochukua mzigo wake na kwenda, Bakari alipiga benchi kwa kiganja.

"Mutu gani anaacha ndugu yake? Mutu gani huyo?"

"Hata ningekuwa mi nakufa," Petero alisema, "ningekufia pale pale."

"Gunia! Fundi, mukatie gunia, na kwanza ulitoboe!"

Kawaida yetu tulingoja mwisho wa kitabu. Siku ile hawakutaka kungoja. Fundi aliinuka, akachukua chaki, akaandika GUNIA kwa herufi kubwa, akakaa. Cherehani ilikuwa na kazi nusu, hakuigusa tena mpaka tulipoondoka. Nilikuwa mlangoni aliponiuliza, "Kitabu kimekwisha?" Nikamwambia bado.

Siku ya tatu alikuja ghalani. Hakuwahi kuteremka mpaka ziwani kunitafuta. Alisimama kati ya magunia ya kahawa, kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. "Yule mtu," alisema, "alirudi?" Nilimwambia sijafika huko. Alitikisa kichwa. "Soma haraka, mwanangu. Mimi nilidhani jambo lile ni la mtu mmoja tu duniani. Kumbe limo kitabuni." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakunishuku hata kidogo. Alikuwa amepata mwenzake. Na mimi, badala ya kumwondolea mwenzake yule wa bandia, niliamua kumtengenezea mwisho mwema, nikajiona nina huruma.

Jumapili iliyofuata nilisimulia kama sijawahi kusimulia tena maishani. Msafiri alirudi akiwa na mvi. Aligonga mlango wa kwanza, wakamwambia hapana mtu huyo. Wa pili, hapana. Wa tatu wakamfukuza. Mlango wa nne ulifunguliwa na mtoto mwenye kipaji cha uso kama cha Filipo. Filipo alikuwa mzima, ana mke, ana shamba, na alipomwona kaka yake alisema tu, "Umechelewa, chakula kimepoa." Bakari alifuta macho kwa mkono wa shati akasingizia vumbi. Walilifuta gunia ukutani wakaandika kanzu, na Petero, Mkristo yule, ndiye aliyetaka iwe ya hariri. Milango mitatu ile niliiweka kwa sababu hadithi isiyo na taabu haina ladha. Niliifikiria njiani, nikiwa natafuna muwa.

Baada ya siku kumi Fundi alikuwa kwenye kituo cha malori, amefunga mkoba. Alimwachia kazi mwanawe mkubwa, Hamisi, akawaambia watu anakwenda kuona jamaa. Lori la Bakari lilikuwa linapakia kwenda Kigali, na kutoka huko angejitafutia njia ya kuvuka Kagera. Nilimbebea mkoba.

"Yule msafiri," aliniuliza, "alianzia kwa machifu au misheni?"

"Misheni, Fundi."

"Na milango mitatu wakakataa."

"Ndiyo."

"Basi nikikataliwa sitakata tamaa."

Kupakia magunia kulichukua saa nzima. Nilikuwa na saa nzima. Nilimnunulia mandazi, nikamsifia koti lake, nikamwambia huko kuna baridi asubuhi. Bakari alipowasha gari, Fundi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Lori lilipopinda kona nilihisi nafuu, na nafuu ile ndiyo naionea aibu kuliko uongo wenyewe.

Alikaa miezi mitano. Barua moja ilifika, imeandikwa na mtu mwingine kwa niaba yake: wamemwambia hapana mtu huyo, lakini anaendelea. Mama Zaina aliniletea nimsomee, akafurahi. Halafu kimya, mpaka Bakari alipomrudisha, amemlaza kati ya magunia, miguu imevimba, kifua kinalia kama bawaba. Walimtandikia chumba cha nyuma, kinachoelekea uani. Nilikwenda kila siku baada ya kazi. Mama Zaina alinipa uji katika bakuli la bluu, wakati mwingine ndizi na maharage, nikala nimeketi miguuni pa mgonjwa. Siku ya nne alisema, "Njoo na kitabu. Nisomee pale pa mlango wa nne."

Nilikileta. Nilikifungua kwenye ukurasa ulioeleza jinsi ya kufunga mitumbwi miwili pamoja, nikaukazia macho, nikamsomea mlango wa nne. Zaina mdogo alikuwa anachambua maharage mlangoni, akaacha akasikiliza. Nilipomaliza, Fundi aligeuza uso kuelekea uani.

"Milango mingi nimegonga," alisema. "Kumi na mitano, ishirini. Wote wanasema wazee wamekufa, wakati wa vita walikufa wengi, hakuna anayejua majina. Ningerudi. Lakini nilisema, yule mtu naye aliambiwa hivyo hivyo. Mwisho palikuwa na nyumba ng'ambo ya bwawa. Maji yalikuwa juu, nami nina homa. Nikaitazama, nikasema inatosha." Alikohoa. "Ile ndiyo ilikuwa ya nne, Profesa. Nimemwacha mara mbili."

Nilijua la kusema. Lilikuwa fupi, na mtu yule alikuwa bado anasikia. Ningemwambia hakuna nyumba ya nne, hakuna Filipo, hukumwacha mtu yeyote ng'ambo ya bwawa. Nikasema, "Pumzika, Fundi." Nilirudi kesho yake na kesho kutwa, wiki tatu. Kila siku alizungumza juu ya nyumba ile, rangi ya mlango wake, moshi alioona ukitoka. Alikufa siku ya Jumatano asubuhi akiwa ameielezea vizuri hata mtu angeweza kuichora.

Juma moja baadaye nilimkuta Hamisi uani anafunga mkoba ule ule wa baba yake. Mama Zaina alikuwa anakunja mashati, anamkabidhi moja moja. "Profesa, umekuja muzuri," aliniambia. "Mweleze Hamisi, anaenda kumutafuta Rajabu. We ndiye ulisoma. Ile nyumba, atapita upande gani?"

Niliketi chini. Nilimwambia. Pazia, mvua, suruali, Filipo, milango. Nilisema yote kwa sauti ndogo, na Hamisi aliacha kufunga. Nilitegemea anipige, alikuwa na mikono ya kufanya hivyo. Mama Zaina aliendelea kukunja shati lililokuwa mkononi mpaka likawa dogo kama leso.

"Mi nilisema Mungu ndiye ameleta hicho kitabu," alisema. "Nilimwambia yeye mwenyewe: nenda, Mungu anakuita." Halafu akasema, "Wiki tatu, Anastazi. Unakula hapa, unamusikia anavyojilaumu. Wiki tatu." Hakuwahi kuniita kwa jina hilo kabla. Hamisi alifungua mkoba akaanza kutoa mashati.

Nilisimama niondoke. Mama Zaina akanizuia. "Ijumaa ni hitima ya Fundi. Utakuja."

Nilikwenda. Chumba cha mbele kilijaa, cherehani zimesukumwa pembeni, mikeka imetandikwa. Bakari alikuwepo, na Petero, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango kama mimi, Wakristo wawili waliovua viatu. Shehe aliuliza kama kuna marehemu mwingine wa nyumba hii anayetakiwa kutajwa. Mama Zaina alijibu kutoka nyuma ya pazia: yupo, Rajabu, mdogo wa Fundi. Shehe akauliza, kifo chake kinajulikana? Maana aliambiwa na marehemu mwenyewe, alipokwenda kumwona, kwamba ndugu yule yu hai huko Biharamulo.

"Profesa yuko hapo," sauti ya Mama Zaina ilisema. "We ndiye ulimufufua. Sasa muzike."

Vichwa vyote viligeuka. Nilisimama, soksi zangu zimetoboka, nikasema Rajabu alikufa wakati wa vita, kwenye banda, na kaka yake hakuwa na wa kumkuta tena. Bakari, ambaye Fundi alimsimulia njiani alipomrudisha, alinikatiza: "Lakini kitabu ilisema ndugu alikuwa muzima, si hivyo? Filipo?" Nikamwambia kitabu hakikusema. Kitabu kilikuwa cha mito tu, kama alivyolalamika mwenyewe. Hayo mengine niliyasema mimi, na nilimwibia Fundi. Petero alinitazama, kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, mbali nami. Shehe alingoja, akasafisha koo, akaanza, na majina yakasomwa mawili.

Waliitikia amina, nikaitikia nao. Nilikuwa nimewaambia ukweli wote niliokuwa nao, isipokuwa ule mmoja waliouhitaji siku ile, na huo sikuwa nao. Nilithibitisha mbele yao kwamba mtu amekufa, nami sikujua. Mpaka leo sijui.